Ana maringo, au nyonga inamuuma? Mwendo wa mtu na kile tunachodhani unatuambia

Kila baada ya miezi michache orodha ile ile hurudi kwenye makundi ya WhatsApp. Anayetembea haraka ana malengo. Anayeburuta miguu ni mvivu. Anayetupa mikono ni mbishi, anayetazama chini ana jambo analoficha, na msichana anayetembea kwa madaha, basi hapo kila mtu ana lake. Orodha hizo ni mpya kwa sura tu. Mashangazi waliotumwa kwenda kumtazama mchumba hawakuishia kwenye salamu na chai; walitaka kumwona binti akiinuka, akipita uani, akirudi na sinia mkononi. Wakifika nyumbani hukumu ilikuwa tayari: ana heshima zake, au ana mikogo, au yule miguu mizito, kazi hataiweza.

Tuache kando kama mashangazi walikuwa na roho nzuri au mbaya. La kuangalia ni kwamba aghalabu walikubaliana. Wakienda watatu, wote watatu waliona mikogo, na mtu akishaona wenzake wameona alichokiona yeye, shaka humtoka. Fundo la mada hii liko hapo. Makubaliano ya aina hiyo yamepimwa maabara na yapo kweli. Ila watu wengi kuona kitu kimoja kwenye mwendo wa mtu bado haijathibitisha kwamba kitu hicho kimo ndani yake. Tukizitenganisha hizo mbili, mengi yanayosemwa kuhusu mwendo na tabia yanajipanga yenyewe.

Nukta gizani

Kwanza tuupe mwendo haki yake, maana jicho la binadamu kweli linasoma mengi humo. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Uswidi, Gunnar Johansson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, alichapisha jaribio ambalo mpaka leo kila anayechunguza mwendo huanzia kwalo. Mtu alivaa nguo nyeusi, akawekewa alama ndogo zenye kung'aa kwenye mabega, viwiko, vifundo vya mikono, nyonga, magoti na vifundo vya miguu. Kisha akapigwa filamu kwa namna ambayo mwili wote ulimezwa na giza, zikabaki nukta tu. Aliposimama tuli, watazamaji waliona vidoa visivyo na mpango wowote. Alipopiga hatua, papo hapo, chini ya sekunde moja, wakasema: huyo mtu anatembea. Hawakuona uso, wala nguo, wala rangi ya ngozi. Nukta kama kumi au kumi na mbili zilitosha.

Miaka minne baadaye, huko Marekani, James Cutting na Lynn Kozlowski walichukua wanafunzi waliokuwa wakiishi pamoja, wakawapiga filamu hiyo hiyo ya nukta, kisha wakawauliza: huyu ni nani kati yenu? Walipatia asilimia 38 ya majibu, ilhali kwa kubahatisha tu wangepata kama asilimia 17. Hapo hawakuwa na sauti, urefu halisi wala shati la kuwasaidia. Kwa hiyo ukiniambia ulimjua jirani yako kwa mwendo akiwa bado kule kwenye mwembe, sina ubishi nawe. Siku hizi China kuna programu za kamera zinazojaribu kufanya kazi hiyo hiyo hata kama mtu ameipa kamera mgongo.

Lakini kumjua mtu ni nani na kujua yukoje ni mambo mawili. Kinachoutofautisha mwendo wako na wangu ni mifupa kwa sehemu kubwa. Mwili hupanda na kushuka juu ya mguu uliokanyaga, na mguu ulio hewani hubembea kutoka nyongani. Urefu wa mguu ndio unaoamua kwa kiasi kikubwa kama mbembeo huo utakuwa wa haraka au wa taratibu. Mtu mzima mwenye afya, akiachiwa atembee anavyopenda, huenda kama mita 1.3 au 1.4 kwa sekunde, na katika kila mzunguko wa hatua unyayo hukaa chini takriban asilimia 60 ya muda. Ongeza upana wa nyonga, uzito, mimba, goti lililowahi kuumia kwenye mpira, mguu uliovunjika utotoni ukaungwa vibaya. Nyayo za Laetoli kule Ngorongoro, zilizofukuliwa miaka ya 1970 kwenye majivu ya volkano yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6, zimewawezesha wataalamu kukadiria urefu wa waliopita pale na kasi yao. Mifupa na mwendo vimeandikwa kwenye yale majivu. Hulka haimo.

Halafu kuna nguo. Mwanamke aliyejifunga kanga ikambana mpaka magotini, miguuni ana kandambili, akipita barazani hatua zake zitakuwa fupi apende asipende, na kandambili zenyewe zinamlazimu akunje vidole kidogo ili zisimtoke. Paja halina nafasi ya kwenda mbele, kwa hiyo nyonga inafanya kazi ya ziada kuzungusha mguu. Waliokaa barazani wanaona madaha. Kesho yake huyo huyo amevaa suruali na raba anawahi daladala, madaha yamekwenda wapi? Wale wale wa barazani watasema leo ana kiburi, hata salamu hana.

Wote wanaona kitu kimoja

Wazo la kupima kama mwendo unafichua hulka si geni. Mwaka 1935 Mjerumani Werner Wolff aliwapiga watu filamu wakitembea wakiwa wamevaa nguo pana za kufunika umbile, kisha akawataka watazamaji waeleze tabia za kila mmoja. Watazamaji wakaja na maelezo yanayofanana, na wao wenyewe ndio waliokuwa kwenye filamu, yaani walikuwa wakisomana. Jambo hilo lilimvutia sana, na lingemvutia yeyote. Kama watu wasiozungumza wao kwa wao wanaeleza mwendo mmoja kwa maneno yale yale, si lazima kuna kitu pale?

Kipo kitu, na mwaka 1988 Joann Montepare na Leslie Zebrowitz-McArthur walionyesha ni kitu gani. Waliwaonyesha watazamaji watu wa rika mbalimbali wakitembea, kwa namna iliyoficha sura na umbile. Wale waliokuwa na mwendo wa kijana, yaani nyonga zinacheza, magoti yanakunja, mikono inapunga, viungo vimelegea, hatua nyingi kwa muda mfupi, walionekana kuwa na furaha zaidi na nguvu zaidi kuliko wale wenye mwendo wa kizee. Tena hukumu hiyo ilifuata mwendo wenyewe hata pale umri halisi wa mtembeaji ulipokuwa mwingine.

Tazama kilichotokea. Jicho lilisoma kitu cha kweli: viungo laini, misuli yenye nguvu, mwili usio na maumivu. Hizo ni habari za mwili. Ulimi ukazipa jina la tabia: mchangamfu, jasiri, mwenye furaha. Mtu mwenye yabisi ya magoti amepewa hulka ya unyonge bila mtu yeyote kumuuliza anajisikiaje. Nadhani huo ndio mtambo mzima unaozalisha zile orodha za WhatsApp, na ndiyo maana zinaaminika: nusu ya kwanza ya hesabu ni sahihi.

Jaribio lililonishawishi zaidi lilichapishwa mwaka 2012 na John Thoresen, Quoc Vuong na Anthony Atkinson, kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza. Waliwapiga filamu watu 26 wakitembea, wakawageuza kuwa nukta kama alivyofanya Johansson, kisha wakawataka wanafunzi wawapime kwa hulka kadhaa: mwenye kupenda vituko, mchangamfu, wa kuaminika, mwenye moyo wa upendo, mwenye wasiwasi mwingi. Watembeaji wenyewe nao walikuwa wamejaza dodoso la tabia. Watazamaji walikubaliana vizuri sana. Mwendo mpana, uliofunguka, ulipewa sifa zote nzuri kwa pamoja, ushujaa na uaminifu na upendo, kana kwamba mtu akipiga hatua pana basi hata deni lako atalipa. Mwendo wa taratibu uliotulia ulisomwa kama wa mtu asiye na wasiwasi. Watafiti walipolinganisha hukumu hizo na yale watembeaji waliyoyasema juu yao wenyewe, havikuoana. Aliyeonekana mchangamfu hakuwa mchangamfu kuliko wengine, na aliyeonekana ametulia hakuwa ametulia.

Mtu anaweza kupinga kwamba madodoso nayo si Msahafu. Watu hujipamba wanapojieleza. Ni kweli. Ila dodoso la tabia likijazwa na mtu leo na likajazwa tena na rafiki yake juu yake, majibu hukaribiana, na hilo ndilo tunaloweza kulidai kutoka kwa kipimo chochote cha hulka. Mwendo ulishindwa mtihani ambao rafiki wa kawaida anaufaulu.

Kidogo kilichopo

Sasa tusivuke mpaka upande wa pili na kusema mwendo hauna uhusiano wowote na tabia. Upo, mdogo, na unahitaji mashine au watu wengi mno ili uonekane.

Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, Liam Satchell na wenzake waliwapandisha watu 29 kwenye mashine ya mazoezi ya kutembelea, wakawarekodi kwa kamera zinazofuatilia viungo, na kuwapa madodoso ya hulka na ya ukali. Walichopima kilikuwa mzunguko wa kifua ukilinganishwa na mzunguko wa nyonga. Kwa kawaida vitu hivyo viwili hupishana: mguu wa kulia ukienda mbele, nyonga ya kulia inaufuata, na bega la kushoto linatangulia ili mwili usipinduke. Waliojieleza kuwa wakali walikuwa na msogeo mkubwa zaidi kifuani na nyongani kwa pamoja, ule mwendo ambao vijana wetu wangeuita wa kibabe. Matokeo ya kuvutia, lakini 29 ni watu wa kujaza daladala moja tu. Na ikumbukwe kilichoona ni kamera za maabara zinazopima nyuzi za mzunguko. Jicho la mtu aliyekaa kwenye kibaraza halina uwezo huo.

Mwaka 2018 Yannick Stephan na wenzake waliunganisha takwimu za watu zaidi ya 15,000 na kukuta kwamba wenye bidii na utaratibu, na wachangamfu, kwa wastani hutembea haraka kidogo, na wenye wasiwasi mwingi hutembea polepole kidogo. Neno la kushika hapo ni kidogo. Wastani wa maelfu ukisogea kiasi hicho, haukwambii chochote cha maana juu ya yule mtu mmoja anayekuja mbele yako Barabara ya Msimbazi. Anaweza kuwa mtu wa utaratibu kupindukia anayetembea polepole kwa sababu ana kisukari na nyayo zimekufa ganzi.

Kuna kundi moja la wasomaji wa mwendo ambalo hupatia, na si kundi la kulifurahia. Mwaka 1981 Betty Grayson na Morris Stein walipiga filamu ya watu wakipita mtaani New York, wakawaonyesha wafungwa waliohukumiwa kwa kushambulia watu, na kuwauliza nani angekuwa rahisi. Wafungwa walichagua watu wale wale. Waliochaguliwa walikuwa na hatua ndefu mno au fupi mno ukilinganisha na miili yao, waliinua unyayo wote kwa mkupuo badala ya kisigino kisha vidole, na mikono na miguu yao haikupishana vizuri. Mwaka 2013 Angela Book na wenzake huko Kanada wakaona kwamba wafungwa wenye alama nyingi za usaikopathi, yaani hulka ya kutowahurumia wengine wala kujuta, walikuwa hodari zaidi wa kutambua kwa kutazama tu nani aliwahi kudhulumiwa. Kwa nini hawa wapatie na Durham washindwe? Kwa sababu swali lao ni la mwili. Nani hatakimbia, nani hatasimama imara akisukumwa. Uchovu, ugonjwa, maumivu ya zamani na hofu ya zamani hukaa kwenye viungo, na hivyo vinaonekana. Hawakuulizwa nani ni mkarimu.

(Matokeo hayo yamezaa semina nyingi za kuwafundisha wanawake watembee kwa kujiamini ili wasishambuliwe. Sina tatizo na kujiamini. Nina tatizo na mahali lawama inapokwenda kutua baada ya semina.)

Jiji, mzigo na bunduki

Kasi ya kutembea ndiyo sehemu ya mwendo inayohukumiwa kuliko zote, na ndiyo inayoathiriwa zaidi na mahali. Mwanasaikolojia Robert Levine na mwenzake Ara Norenzayan walichapisha mwaka 1999 ulinganisho wa kasi ya maisha katika nchi 31. Vipimo vilikuwa vitatu: muda wa mtu aliye peke yake kutembea kama mita 18 katikati ya jiji, muda wa karani wa posta kuuza stempu, na usahihi wa saa za ukutani kwenye mabenki. Kenya ilikuwamo. Kwenye kutembea ilishika nafasi ya 9, mbele ya Italia na Kanada. Kwenye posta ilikuwa ya 30 kati ya 31, na kwenye saa za benki ya 24.

Sasa niambie, Mkenya ana haraka au hana? Yule aliyekata mtaa kwa kasi ya Mzungu ndiye huyo huyo aliyesimama kwenye foleni ya posta akisubiri stempu, na pengine karani wa posta akitoka kazini naye anakata mtaa vile vile. Kasi ya barabarani ni ya barabara: matatu linaondoka, mvua inanyesha, umbali ni mrefu na nauli imepanda, kila mtu anasukumwa na aliye nyuma yake. Mlete mtu wa Nairobi Lamu kwa wiki moja, kwenye vichochoro ambavyo punda mwenye mizigo ana haki ya njia kuliko wewe, uone kama hatakwenda mwendo wa Lamu. Singapore nayo katika ulinganisho wa Levine ilikuwa ya 25 kwa kutembea. Kipimo kingine kilichosimamiwa na Richard Wiseman mwaka 2006 katika majiji 32 kiliiweka ya kwanza, na Blantyre ya Malawi ya mwisho. Vipimo vilitofautiana kidogo, lakini hata hivyo, watu wa jiji zima hawabadili hulka kwa miaka kumi.

Mzigo nao unafundisha mwili. Mwaka 1986 profesa Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Waligundua kwamba wanawake hao walibeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu yoyote ya ziada iliyoweza kupimika. Mtu asiyezoea huanza kuzilipa kilo tangu za mwanzo. Maelezo yalikuja mwaka 1995: miili ya wanawake hao, ikiwa na mzigo, hutumia vizuri zaidi ule mpando na mshuko wa kila hatua, nguvu ya hatua moja ikasaidia inayofuata badala ya kupotea.

Mtu aliyekua akibeba ndoo hubaki na shingo iliyonyooka na kiwiliwili kisichoyumba hata siku ambayo kichwani hakuna kitu. Akipita kwenye harusi utasikia: mwone yule anavyojisikia. Shingo ile imetoka kisimani.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Urusi. Mwaka 2015 madaktari wa mishipa ya fahamu, akiwamo Bastiaan Bloem wa Uholanzi ambaye ni bingwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kuharibu mwendo, waliandika kwenye jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, kuhusu Vladimir Putin. Akitembea, mkono wake wa kushoto unapunga na wa kulia umetulia karibu na mwili. Kwa daktari hiyo ni dalili ya kumtia wasiwasi. Ila hakukuwa na dalili nyingine, na viongozi wengine kadhaa wa Urusi walionekana kuwa na mwendo huo huo. Maelezo waliyoyatoa waliyakuta kwenye mwongozo wa mafunzo wa KGB, shirika la ujasusi la Kisovieti, unaoelekeza jasusi atembee mkono wa silaha ukiwa karibu na kifua, tayari kuchomoa. Wangapi walikuwa wamekwisha kuutazama mkono ule na kuona kiburi, ubabe au siri? Ulikuwa na habari za darasani.

Kwetu hakuna haja ya kwenda mbali. Kijana akitoka JKT, mtaa mzima unasema amebadilika, siku hizi anatembea kama ana cheo. Miezi ya gwaride imeingia mgongoni. Subiri mwaka.

Pale kosa linapogharimu

Kama mambo yangeishia kwenye mikogo na maringo, ningesema tuwaache watu wafurahie umbea wao. Tatizo ni kwamba baadhi ya miendo tunayoipa majina ya tabia ni ugonjwa.

Mwaka 2009 Johannes Michalak, Nikolaus Troje na wenzao walipima mwendo wa watu wenye sonona. Walitembea polepole, mikono ilipunga kidogo, kichwa hakikupanda na kushuka sana, kiwiliwili kiliyumba zaidi upande kwa upande na mabega yaliinama. Soma tena maelezo hayo kisha fikiria jina ambalo mtaani tungempa mtu wa namna hiyo. Anajivuta. Hajielewi. Mvivu. Baadaye, mwaka 2015, kundi la Michalak liligeuza swali. Watu wenye afya walitembea kwenye mashine mbele ya kipimo chenye mshale, wakaambiwa wabadili mwendo mpaka mshale uende upande fulani. Hawakujua kwamba upande mmoja ulikuwa mwendo wa sonona na mwingine wa furaha. Walipoulizwa maneno waliyokuwa wameonyeshwa, waliosukumwa kwenye mwendo wa sonona walikumbuka zaidi maneno mabaya. Kwa hiyo hata mshale kati ya mwendo na moyo hauelekei upande mmoja tu. Na hapo tunazungumzia hali ya leo, inayokuja na kuondoka. Hulka ni habari nyingine.

Kuna miguu iliyoharibiwa na maji. Maeneo ya chini ya Mlima Meru, Maji ya Chai ikiwamo, yana floridi nyingi majini, na pamoja na meno ya kahawia baadhi ya watoto hupata matege au miguu iliyopinda ambayo huwafanya wayumbe wakitembea maisha yao yote. Kuna iliyoharibiwa na njaa. Konzo, unaotokana na kula mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha, umewapata watu wengi Kongo na uliwahi kuzuka Tarime mwaka 1985 wakati wa ukame. Unakuja ghafla, na anayebaki nao hutembea kwa vidole, magoti yakigongana, mguu mmoja ukivuka mbele ya mwingine. Mtoto wa hivyo huitwa kila jina. Na wapo wenye ugonjwa wa sehemu ya ubongo inayosimamia mizani ya mwili, ambao wametolewa kwenye baa na hata kwenye mabasi kwa kudhaniwa wamelewa.

Madaktari wenyewe wanauchukulia mwendo kwa uzito kuliko waandishi wa zile orodha. Mwaka 2011 Stephanie Studenski na wenzake walichapisha uchambuzi wa wazee zaidi ya 34,000 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, na kasi ya kutembea peke yake ilisaidia kukadiria miaka iliyobaki kwa kiwango cha kukaribia taarifa nyingi za hospitali zikijumlishwa. Inahitaji mita chache za sakafu na saa. Moyo, mapafu, misuli, macho, mizani na ubongo vyote vinashiriki kwenye hatua moja, na kimoja kikilegea hatua inajua kabla ya mwenye mwili.

Kwa hiyo kama unapenda kutazama miendo ya watu, na wengi tunapenda, mtazame yule unayemjua na umlinganishe na yeye mwenyewe wa mwaka jana. Mgeni hana kipimo. Hujui alianzia wapi. Baba aliyekuwa akienda msikitini kwa dakika kumi sasa anatumia ishirini. Mama anayegeuka kwa hatua ndogo ndogo nyingi badala ya moja. Hasa angalia mikono: Parkinson mara nyingi huanza upande mmoja, na mkono unaweza kuacha kupunga kabla kutetemeka hakujaanza kuonekana. Ukiliona hilo, usimwambie kwamba siku hizi anaringa. Mpige video fupi akitembea kuja kwako na kurudi, mpeleke hospitali yenye daktari wa mishipa ya fahamu, na umweleze daktari ni lini uliliona kwa mara ya kwanza.